Aliyekosea Ana Miguu

Siku ile, uani mwa msikiti wetu mdogo wa Ansab, hapa Maskati, walikuwepo Ami Hamed, muadhini, Suleiman, mwenye duka la mapazia, ndugu zangu wawili, Khalfan na Nassor, Otieno, fundi umeme wa Kikenya, ambaye alikuwa juu ya paa anafunga taa, mimi, na Maalim. Basi. Waliozoea kufuturu pamoja nasi walikuwa bado njiani, na waliokuwa majumbani hawakutuona, walitusikia tu kwenye kipaza sauti. Nawataja kwa majina kwa sababu baadaye kila mtu mtaani alisema na yeye alikuwepo.

Ilikuwa Ramadhani. Tulikuwa tumekaa jamvini, tende katikati, maji mbele ya kila mtu. Ami Hamed alikuwa ndani, ameikodolea macho saa ya ukutani, ile ya taa nyekundu inayoonesha nyakati za sala. Saa hiyo aliitengeneza Maalim mwenyewe. Tukamsikia Ami Hamed anakohoa kidogo kama kawaida yake, kisha akaadhini. Tukala. Na nyumba zote zilizoizunguka sauti yake zikala.

Otieno akainamisha kichwa kutoka juu ya paa.

"Jameni, mbona mnakula? Jua si bado iko? Naiona hii hapa, imekalia mlima."

"Wewe shuka," Suleiman alimjibu, tende mdomoni. "Huko juu Magharibi huchelewa."

"Haya. Mimi si Mwislamu, lakini jua ni letu sote."

Khalfan alicheka peke yake. Sisi wengine tulikuwa tumeshaanza kusikiliza. Hakuna msikiti mwingine uliokuwa umeadhini. Tulikaa na kokwa za tende mikononi, hakuna aliyejua azitupe au azishike, mpaka misikiti ya ng'ambo ya barabara ikaanza, mmoja baada ya mwingine, na kila adhana ilikuwa kama mtu anatunyooshea kidole.

Ami Hamed alitoka ndani. "Saa ndiyo iliyonambia," alisema. "Wallahi saa ndiyo iliyonambia."

Maalim akainuka, akaingia, nasi nyuma yake. Saa ilikuwa sawasawa na simu ya Suleiman, sawasawa na yangu. Maalim aliitazama, akamtazama Ami Hamed, akasema:

"Saa hii hapa, haina kosa. Aliyekosea ana miguu."

Suleiman akaangua kicheko. Kabla ya Isha maneno yale yalikuwa yamefika kila nyumba.

Imamu alituambia kila aliyekula kwa adhana ile ailipe siku yake. Kulipa, hilo ndilo neno letu. Siku ya saumu iliyoharibika hulipwa baada ya Idd, na mtu huifunga mwenyewe. Kwa wengi wetu haikuwa tabu kubwa. Tabu ilikuwa ya Ami Hamed. Watoto walimwita Hamed Njaa. Watu wazima walisema njaa ilimzidi mzee wa watu akaifupisha siku. Baada ya siku chache wasimamizi wa msikiti wakamwomba apumzike, kwa adabu, wakampa mkono wote. Kuanzia hapo aliadhini kijana mmoja mwenye sauti nzuri, na Ami Hamed akawa anasali safu ya nyuma, karibu na viatu.

Nimeanza na siku ile ili isije ikanishinda mbele ya safari. Lakini nataka Maalim ajulikane mzima, maana neno lile moja si yeye wote, na mimi nimemjua kwa miaka mingi kuliko neno hilo.

Alikuwa mtu wa Unguja kwa lugha na wa Maskati kwa nguo. Kanzu yake ilikuwa nyeupe daima mpaka kiwikoni. Kutoka hapo kushuka ilikuwa na alama za risasi ya kuchomelea na chai. Alifanya kazi ya kompyuta serikalini mpaka akastaafu, kisha akafungua karakana ya chumba kimoja nyuma ya maduka ya Ansab. Jioni alikuwa akifundisha vijana bure, ndiyo maana akaitwa Maalim hata na waliomzidi umri. Alitengeneza saa za misikiti na vibao vya kuhesabia zamu za wateja. Alitengeneza pia mashine moja ya kulishia samaki wa pambo ya jirani yake wa Kihindi, na hiyo ndiyo pekee aliyokuwa akiisifu mbele za watu.

Mimi nilifika kwake sina ninachokijua. Wazazi wetu walifariki pamoja barabarani, wakitoka arusini, na mimi ndiye mkubwa. Niliacha skuli nikaosha magari. Siku moja nikaliosha la kwake. Aliniangalia ninavyofuata mistari ya mlango kwa kitambaa, akaniuliza nimefika darasa la ngapi. Nikamwambia la tisa.

"Inatosha," alisema. "Kazi yangu ni kuhesabu hodi. Wewe hodi waijua?"

Nikadhani ananifanyia mzaha. Kumbe alikuwa ananisomesha somo la kwanza.

Ndani ya kila mashine, alinieleza, kuna programu moja iliyo chini ya zote, inayogawa kazi na kuamua nani aende kwanza. Wengine huiita kwa majina yao. Yeye aliiita kiini, kama cha yai. Kiini hakijui saa ngapi. Hakijui mchana wala usiku. Kando yake kuna kidude, kipima muda, ambacho kazi yake ni kuhesabu tu, na kila kikifika mwisho wa hesabu kinakibishia kiini hodi. Kiini kinaacha kinachokifanya, kinaitikia, kinaongeza moja kwenye jumla yake, kinarudi kazini. Hodi hizo zinapigwa nyingi kabla hujapepesa jicho. Saa unayoiona ukutani ni jumla ya hodi, hakuna zaidi.

"Kwa hiyo ikikosea," alisema, "usiiulize mashine saa ngapi. Iulize imesikia hodi ngapi."

Kulikuwa na saa ya pili pia, ndogo, yenye betri yake, iliyokuwa ikienda hata umeme ukikatika. Kiini huitazama hiyo mara moja tu, mashine inapowashwa, ili kijue pa kuanzia kuhesabu. Baada ya hapo kinajitegemea. Naomba msomaji alishike hilo, kwa maana ndilo lililomponza Ami Hamed.

Mtu huyu aliyeishi kwa kupima wakati hakuwahi kuvaa saa ya mkononi, na sikumbuki siku aliyowahi mahali. Arusini alifika sahani zinaoshwa. Mkewe, Bi Zuwena, alikuwa akimwambia mwaliko wa adhuhuri kuwa ni wa asubuhi, naye akachelewa hata huo wa uongo. Nilipomuuliza alisema, "Nna hesabu za watu wengi mno, mwanangu. Yangu nimeiacha." Alilisema akicheka, nami nikacheka. Siku hizi nikilikumbuka silicheki.

Kinyume chake, kwenye mashine hakuwa na haraka hata chembe. Bodi ikija na ugonjwa wa kuchelewesha saa, haikufunguliwa siku hiyo. Iliwekwa mezani, ikawashwa, ikaangaliwa. Aliipiga moto kwa mashine ya kukaushia nywele ya Bi Zuwena, kisha akaikumbatisha mfuko wa barafu, aone kama joto linakibadilisha mwendo kidude kile cha kuhesabu. Bi Zuwena alipitia karakanani siku moja akakuta ile mashine yake inapuliza bodi.

"Nywele zangu mimi nikaushe kwa nini?"

"Kwa jua la Maskati, Bi Zuwena. La bure hilo."

"Na hiyo mashine yako haioni jua?"

"Hii ina adabu, haitoki nje."

Alikuwa na amri moja karakanani. Mtu akiingia akasema "hii imeharibika," alimnyamazisha. "N'ambie ulichokiona. Unachodhani kiweke mfukoni." Alitaka kujua ilikuwa inafanya kazi gani wakati ule, nani aliigusa, waya gani ulichomolewa, na baada ya kosa mtu alifanya nini kabla ya kumwita fundi. Hilo la mwisho alilisisitiza kuliko yote. Watu, alisema, wakiogopa huzima na kuwasha, na wakizima na kuwasha wanamuosha maiti kabla ya daktari kufika. Nilimsikia akimuuliza mtoto wa darasa la pili maswali hayo juu ya kidude cha kuchezea, kwa upole, mpaka mtoto akakumbuka kuwa alikimwagia maji ya ndimu.

Ami Hamed hakumuuliza.

Nimejaribu mara nyingi kuelewa kwa nini. Walikuwa marafiki, walitaniana kila alasiri. Ami Hamed alimwita "fundi majini," kwa maana mashine zake zilijiwasha zenyewe, yeye alimwita Ami Hamed "saa ya nyama." Nadhani mambo yalikuwa hivi: saa ile ya msikitini ilikuwa ya kwanza kuitengeneza, ilikaa ukutani miaka bila kosa, na ndani ya kiini chake kulikuwa na kazi aliyoiandika mwenyewe na kuipenda kama mtu anavyopenda shairi alilolitunga ujanani.

Kazi hiyo aliipa jina "lipa." Shida ilikuwa hii: kuna nyakati kiini kina shughuli isiyokatizwa, kama kuzichora herufi za taa, na hapo kinafunga mlango. Hodi zikipigwa mbili mlango umefungwa, kikifungua kinaitikia moja. Nyingine imepotea, na saa imechelewa. Basi Maalim akaandika mistari michache inayokifanya kiini, kabla ya kufungua mlango, kichungulie kidude cha kuhesabu, kione hodi ngapi zilipita, kizilipe zote kwenye jumla. Siku aliyonionesha mistari ile aliisoma kwa sauti, na alipofika kwenye neno "lipa" alinigonga bega.

"Waona? Mashine yangu mie haifi na deni."

Asubuhi ya siku ile mbaya Ami Hamed alikuja karakanani ameibeba ile saa, ana ombi. Watoto wa mtaani walikuwa wakimsumbua kila jioni kwa kumuuliza bado dakika ngapi kufuturu. Je, saa haiwezi kuwahesabia yenyewe, namba kubwa, na chini yake dua ya kufuturu ipite? Maalim alifurahi kama ameombwa yeye kitu cha Idd. Aliiandika palepale. Sheria yake ilikuwa kazi yoyote mpya ikae mezani kutwa nzima kabla haijatoka nje. Hiyo aliijaribu kwa muda ambao mie na Ami Hamed tulikuwa tunabishana kuhusu mpira, kisha akampa saa yake.

"Leo watoto wako watafurahi," alimwambia.

"Na mie nitapumzika," Ami Hamed akasema, na tukacheka sote watatu.

Baada ya Magharibi ile Maalim aliirudisha saa karakanani, akazitoa namba na dua, akaiwasha. Ilikwenda sawa. Siku ya pili sawa, ya tatu sawa. Akabadilisha betri ambayo haikuwa na ubaya. Akaipiga moto, akaitia barafu. Sawa. Kila ilipokwenda sawa alizidi kuwa mkali, na watu walipopita kuuliza aliwajibu kwa neno lilelile la miguu, ingawa sauti ilikuwa inapungua nguvu. Namba na dua hakuzirudisha kuzijaribu. Alisema hizo ni mapambo tu, hazigusi saa.

Idd ikapita. Nilimpelekea Ami Hamed bakuli la halua kutoka kwetu. Nassor ndiye aliyeniambia nimpelekee, alikuwa anamwonea huruma. Nilimkuta sebuleni, kiyoyozi kinanguruma, televisheni imezimwa. Sikwenda kumhoji. Lakini miaka ya karakanani imenizoesha ulimi, na swali likatoka lenyewe.

"Ami, ulipomaliza kuadhini ulifanya nini?"

"Nilisikia kimya, mwanangu. Wale wenzetu kimya. Moyo ukaniruka. N'kauchomoa waya wa saa, n'kauchomeka tena, kama anavyofanya mjukuu wangu na televisheni."

"Kabla hatujaingia?"

"Kabla hamjaingia."

"Na ulipouchomeka, saa ilirudi nyuma?"

Alifikiri. "Ilirudi. Mie n'kajua ndiyo macho yangu."

"Mbona hukumwambia Maalim?"

Ami Hamed akanitazama bila hasira yoyote. "Nani kaniuliza?"

Nilitembea kurudi karakanani na maneno hayo kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Waya ulipochomekwa kiini kilikuwa kimeitazama upya ile saa ndogo ya betri, ndiyo maana sisi tuliikuta sawasawa. Maalim aliyasikiliza yote, amesimama. Kisha akakaa. Akarudisha namba kubwa na dua inayopita, akaiwasha saa alasiri, na safari hii hakuondoka. Alikaa mbele yake na simu mezani, na mimi nimekaa kando yake. Mwanzoni hapakuonekana kitu. Kisha saa ikaanza kuitangulia simu, kidogokidogo, kama mtoto anayetembea na mzazi akitaka kufika dukani kwanza. Namba zilivyozidi kubadilika na dua ilivyozidi kupita, ndivyo ilivyozidi kutangulia. Kadiri watu walivyoingoja, ndivyo ilivyokimbia.

Aliufungua mwandiko wake wa kiini, akaupata mstari bila kuutafuta sana. Alinionesha kwa kidole. Kuchora namba na dua kulikifanya kiini kifunge mlango mara nyingi mno kuliko zamani. Kila mara kabla ya kufungua, "lipa" ilichungulia, ikahesabu hodi zilizopita, ikazilipa. Lakini hodi ya mwisho ilikuwa haijapotea. Ilikuwa imesimama mlangoni, inangoja. "Lipa" ikailipa, mlango ukafunguliwa, nayo ikaingia kwa miguu yake, ikahesabiwa tena. Hodi moja, imelipwa mara mbili. Zamani mlango ulifungwa mara chache, kosa likawa dogo, na saa ilizimwa kila baada ya Isha ikajirekebisha yenyewe asubuhi. Miaka yote lilikuwepo.

"Nimeandika mwenyewe," alisema Maalim. Akaizima mashine, akaenda kuchemsha chai, na chai ile hakuinywa.

Kusahihisha kulichukua mstari mmoja: kabla ya kulipa, uliza kwanza kama kuna aliyesimama mlangoni. Alizunguka misikiti yote yenye saa zake, akaingia, akarekebisha, akatoka, bila kumweleza mtu anafanya nini. Siku yake ya saumu aliilipa wiki hiyohiyo, najua kwa sababu alinikatalia kahawa. Kwa upande wa mashine na kwa upande wa Mungu hakubakisha kitu.

Nilimwambia, "Maalim, bado Ami Hamed."

"Najua."

"Nikamwambie? Nipite nikawaambie na pale msikitini?"

"Usinilipie," alisema, na mkono wake ukawa juu ya wangu. "Hili langu. Ukilisema wewe, nikija mimi itakuwa nimefuata nyuma yako. Nitasimama mwenyewe baada ya sala ya Ijumaa, jina nililoliteremsha mbele ya watu nilipandishe mbele ya watu. N'ahidi."

Nikamuahidi. Mtu huyu ndiye aliyenifanya nikawasomesha wadogo zangu mpaka Khalfan akafika chuo. Kama angeniomba niufunge mdomo kwa uzi ningetafuta sindano.

Ijumaa ile alichelewa, akakuta watu wanatoka. Ijumaa ya pili imamu alikuwa mgeni, Maalim akasema si adabu. Ya tatu alikaa safu ya mbele kabisa, nikaona mabega yake yanajiandaa, na salamu ilipotolewa akainuka, akasimama, akampa mkono aliye kuliani mwake na aliye kushotoni mwake, akaondoka. Ami Hamed alikuwa nyuma, karibu na viatu. Walipeana salamu mlangoni kama watu wa mji mmoja waliokutana ugenini.

Kisha binti yake Ami Hamed akaja kumchukua akakae naye Yiti. Mtaani walisema afadhali, mzee apate hewa ya bahari. Otieno ndiye aliyempakilia vitu garini, na aliporudi alikuja karakanani kuazima kebo.

"Huyo mzee wameondoa, lakini ile siku hata sikuamini ni yeye," aliniambia. "Mtu wa njaa hakohoi kwanza ndio aite watu. Huyo alikuwa anafuata kitu."

Maalim alikuwa kwenye kiti chake, ameinamia bodi. Hakuinua kichwa.

Sitaki kusema hatia ndiyo iliyomuangusha. Alikuwa na sukari na presha, na chai yake ilikuwa ya maziwa na vijiko visivyohesabika. Alipigwa na kiharusi mchana, karakanani, mkononi ameshika kalamu ya kuchomelea. Nusu ya uso ikalegea, mkono wa kulia ukawa mzito, maneno yakarudi polepole, baadhi yao. Bi Zuwena alikuwa ameshatangulia mbele ya haki mwaka mmoja kabla. Binti yao akamhamishia kwake, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, nyumba yenye bustani na kimya kingi. Karakana nikabaki nayo mie.

Nilikuwa nikimtembelea kila wiki. Nilimletea bodi zilizonishinda, nyingine hazikunishinda, nilitaka tu zimpitie mkononi. Alizigusa kwa ule mkono mzima, akauliza kwa shida, "Wa-meona nini?" na mimi nikamweleza walichokiona. Siku moja nilikuwa katikati ya maelezo akanikatiza.

"Yiti," alisema.

Nilimuogesha uso, binti yake akamvalisha kanzu mpya na kilemba, nikamuweka garini. Njia ya Yiti inapanda ikishuka katikati ya majabali meusi na njia nzima niliona midomo yake inakwenda. Anafanya mazoezi. Nilipunguza mwendo makusudi, apate nafasi.

Ami Hamed alikuwa barazani kwa binti yake, amekonda, amevaa miwani myeusi. Alipomtambua mgeni aliinuka kwa pupa mpaka kiti kikaanguka.

"Fundi majini! Umekuja na miguu yako!"

Maalim alijaribu kutabasamu na ule upande mmoja. Walikumbatiana muda mrefu. Kahawa ikaja, tende zikaja, wakaketi magoti yanagusana. Nikaona Maalim anavuta pumzi. Nilikaa wima, kama ni mimi ninayetaka kusema.

Ami Hamed akamtangulia.

"Maalim, Mungu amekuleta. Nilikuwa namwambia binti yangu anipeleke kwako. Nataka radhi yako." Akavua miwani. Jicho moja lilikuwa na ukungu mweupe. "Mtoto wa jicho. Hospitali wamenambia ninao siku nyingi, na mie sijui. Basi siku ile niliisoma vibaya saa yako. Umma mzima nimewafuturisha mchana, nawe n'kakutia aibu mbele ya watu, n'kasema saa ndiyo iliyonambia. N'samehe."

Maalim alifungua mdomo. Nilimuona akilitafuta neno, na najua lilikuwepo, kwa maana garini nilikuwa nimeliona midomoni mwake mara nyingi. Ami Hamed alimshika ule mkono mzito akaubana katikati ya mikono yake miwili, akingoja, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba maji.

"Tu-mesameheana," Maalim akasema.

Ami Hamed akalia. Akaubusu mkono ule, akasema alhamdulillahi, akasema sasa hata akifa leo. Binti yake naye, mlangoni, akajifuta macho na ushungi. Mimi nilitazama tende.

Tulipofika kwenye majabali nikasema, "Maalim, hukumwambia."

"Nimesema tu-mesameheana."

"Yeye kasikia umemsamehe."

Akaipiga dashibodi kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu. "Rudi."

Nikatafuta pahala pa kugeuzia gari, nikageuza. Tulikwenda mpaka zikaonekana nyumba za kwanza za Yiti. Hapo akaniwekea mkono begani.

"Kafurahi mno," alisema. "Nikimwambia leo, n'namnyang'anya. I-jumaa. Nilete Ijumaa."

Ijumaa nilikwenda na gari limeoshwa. Alikuwa amelala, binti yake akaniomba nisimuamshe. Ijumaa nyingine akasema mwili hauna nguvu. Sasa nikienda namkuta amekaa bustanini, kanzu nyeupe mpaka chini, na hilo la Yiti halitajwi baina yetu. Akiniona nalikaribia huniuliza habari za bodi. Mbele ya Ami Hamed na watu wa msikitini ahadi yangu kwake bado naishika, na inazidi kunielemea.

Ami Hamed amefanyiwa operesheni ya jicho, anaona vizuri. Binti yake anasema kila baada ya sala anamtaja Maalim kwa jina kwenye dua, anamwombea kheri kwa kumsamehe.